Sabini ya Mapatano

Ndugu zangu, leo msitegemee nipaze sauti. Sina ya kupaza. Wiki nzima nimekuwa mtu wa vikao, na vikao vyetu mnavijua: mtu anaingia na hoja, anatoka na kichwa kinachogonga. Basi badala ya kuhubiri kwa nguvu nitawapa mfano, nao ni mfupi kuliko kikao chochote tulichokaa mwaka huu. Tulieni. Wenye watoto wanaolia wawanyonyeshe tu, hakuna atakayewatazama vibaya.

Palikuwa na mama mmoja, mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wafuga kuku, huko kwenye nchi ya milima, mahali ambapo ukitoka nje asubuhi unaiona pumzi yako mwenyewe. Uenyekiti hakuutafuta. Siku ya uchaguzi alichelewa shambani akipalilia viazi, na alipofika akakuta ameshachaguliwa. Walimpendea jambo moja tu, kwamba hakuwa wa upande wowote.

Maana pande zilikuwepo. Kikundi kilikuwa cha mitaa miwili, mtaa wa juu na mtaa wa chini, iliyoungana ili imiliki mashine moja ya kutotolesha vifaranga. Nikisema mashine msifikirie makubwa. Lilikuwa sanduku la mbao lenye mlango wa kioo, ndani trei za mayai na bakuli la maji, chini yake taa ya chemli. Ukitaka joto liongezeke unapandisha utambi, ukitaka lipungue unaushusha. Mwenye zamu kazi yake ilikuwa hiyo, na kugeuza mayai, na kutazama kipimajoto.

Kipimajoto! Hapo ndipo shetani alipoweka kigoda chake.

Mtaa wa juu walikuwa na kipimajoto cha zamani, walichoachiwa na mmishenari mmoja alipokuwa anarudi kwao. Aliwafundisha maneno machache: mayai yanataka mia. Mtaa wa chini walikuwa na kipya, walichonunua mjini, na bwana mifugo aliwafundisha maneno machache vilevile: mayai yanataka thelathini na saba na nusu. Kila mtaa ulishika neno lake kama Amri ya Mungu.

Wasemaji wa pande hizo walikuwa mtu na wifi yake. Na ninyi mnajua, ugomvi wa mawifi hauhitaji kuni nyingi.

"Mia!" alisema yule wa mtaa wa chini. "Wifi, hata mgonjwa wa malaria ya kufa hafiki mia. Mnatotolesha au mnachemsha?"

"Na hiyo thelathini na saba yenu," akajibu yule wa mtaa wa juu, "kwetu ndiyo baridi ya mwezi wa saba, ile inayounguza viazi. Kama ndivyo mnavyolea mayai, basi watoto wenu wamekua kwa rehema tu."

Mnacheka. Chekeni, ila msicheke sana, maana mtajicheka.

Zamu zilipokezana kila Jumamosi. Mtaa ulioingia ulikuja na kipimajoto chake kimefungwa kwenye khanga, unakitoa cha wenzao kama mtu anayetoa panya aliyekufa kabatini, unakitundika chake. Vipimajoto viwili havikukaa pamoja ndani ya sanduku lile hata siku moja, kwa sababu kukubali chao kikae karibu na chako ni kukubali kwamba nacho ni kipimajoto. Kisha walioingia waliushika utambi, wakaupandisha kidogo au wakaushusha kidogo, wenzao waone kwamba wamekuta kosa. Saa moja baadaye utambi umerudi palepale ulipokuwa. Na vifaranga je? Vifaranga walitoka! Walitoka wengi, wakavu, wachangamfu, na kila mtaa ukasema ni kwa sababu ya zamu yao.

Mwenyekiti ndiye aliyebeba mzigo. Leo anaitwa mtaa wa juu, wametukanwa. Kesho anaitwa mtaa wa chini, wamesingiziwa. Miguu yake ilikuwa mibovu na ule mlima hauna huruma. Maharage yake yaliungua jikoni mara nyingi, mpaka mume wake akazoea kula yenye harufu ya moshi bila kuuliza. Usiku mmoja alimwambia, "Mama, hawa watu wanakumaliza." Akajibu, "Nataka siku moja tu nipite njiani bila kuitwa." Hakuomba utajiri, ndugu zangu. Aliomba kimya.

Kisha kikaja kideri. Wafugaji mnakijua. Kuku anaamka amejikunyata, jioni amekwisha. Kilipita mtaa wa juu na mtaa wa chini bila kuuliza nani anasema mia na nani anasema thelathini na saba. Kilipoondoka, asubuhi zilibaki na sauti ya jogoo mmoja mmoja tu. Walibaki kuku wachache hapa na pale, na mwenyekiti alibakiwa na mmoja, tetea mwekundu. Mtasema, si wangewaacha waatamie? Kuku akiatamia anaacha kutaga, na wale waliobaki ndio waliokuwa wanataga kwa ajili ya mlima mzima. Basi akina mama wakakubaliana: kila yai lililopo liletwe, yajae trei, yaingizwe kwenye mashine kwa mara moja. Mwenyekiti alileta yote ya yule tetea wake, hakubakiza hata la mgonjwa. Wakifaulu, kila nyumba itapata wa kuanzia. Wasipofaulu, mlima ule hauna kuku.

Na kwa kuwa safari hii hapakuwa na nafasi ya kukosea, ugomvi ulipanda mara mbili. Mtaa wa juu wakaapa kwamba mayai yao hayataguswa na zamu ya thelathini na saba. Mtaa wa chini wakasema wao wataondoa trei zao usiku. Mayai yakakaa kwenye vikapu, na yai la kutotolesha halikai, kila siku linapoteza uhai.

Mwenyekiti akaitisha kikao. Akawasikiliza tangu asubuhi mpaka jua likaanza kuinama. Mgongo ulimuuma, na macho yalimwasha kwa moshi wa jiko la uani. Hakuwa tena anasikia maneno, alikuwa anasikia sauti tu, moja nyembamba na moja nene. Ndipo akasimama akasema, "Basi. Tukutane katikati."

Waliokuwa wamesimama wakaketi, naye akaendelea.

"Ninyi mnasema mia. Ninyi mnasema thelathini na saba na nusu. Katikati yake ni kama sabini. Kuanzia leo kikundi hiki kina joto lake, na joto lake ni sabini. Mia ife, na thelathini na saba ife."

"Tutaipimia nini?" akauliza wifi wa mtaa wa chini. "Kipimajoto chetu kinaishia hamsini."

"Basi tutatumia kile cha wenzenu. Wao wanapoteza namba yao, ninyi mnapoteza kipimajoto chenu. Kila mmoja ametoa, kila mmoja ameumia. Si ndiyo haki?"

Nawauliza ninyi: si ndiyo haki? Mngekuwepo mngepinga? Mimi nisingepinga. Ningepiga makofi nirudi nyumbani nikalale. Nao walipiga makofi. Bibi mmoja akasema sabini ni namba ya heshima, ni umri wa mtu aliyeshiba siku. Mawifi wakashikana mikono, na watu wakalia machozi, maana walikuwa hawajashikana mikono tangu harusi. Mwenyekiti akachukua rangi ya kucha, akapiga alama nyekundu kwenye kile kipimajoto cha zamani, penye sabini. Wakaimba. Taa ikawashwa, utambi ukashushwa mpaka kipimajoto kikatulia kwenye alama nyekundu, ukawa umeshuka sana, mwali umebaki kama punje ya mahindi.

Na ikawa amani. Ndugu zangu, jinsi alivyolala usiku ule! Alipita njiani na hakuna aliyemwita. Maharage hayakuungua. Zamu zilipokezana kwa salamu, "Za kwenu?" "Nzuri, wifi, sabini imetulia." Watu wa kata za jirani walisikia, wakatuma watu waje kujifunza namna ya kuelewana.

Siku moja ya wiki ile ya kwanza mwenyekiti alipita peke yake kwenye kile kibanda cha mashine. Kipimajoto kilikuwa sawasawa, kwenye alama nyekundu. Akafungua mlango wa kioo ageuze mayai, kwa mazoea tu. Akashika yai la kwanza, akasimama. Akashika la pili. Akaingiza mkono mpaka nyuma ya trei.

Mama aliyefuga kuku tangu utotoni anajua kilicho chini ya kuku anayeatamia. Ameingiza mkono pale mara nyingi, amedonolewa pale. Anajua lile joto linalokupokea vidole. Humu ndani halikuwemo. Kulikuwa na uvuguvugu kama wa godoro ambalo mtu ameshaamka.

Akautazama utambi. Kidole chake kilikuwa karibu kabisa na kile kigurudumu cha kuupandishia. Akafikiri: nikipandisha, alama itapitwa. Mwenye zamu ataona. Atauliza ni nani. Mtaa wa juu watasema, mnaona, inarudi kwenye mia. Mtaa wa chini watasema wamesalitiwa. Kesho nitapanda mlima huu tena kwa miguu hii. Akafikiri pia: labda ni mkono wangu, nimetoka kushika maji. Labda mashine si kama kuku. Tumeshakubaliana, nani mimi nikatae?

Akafunga mlango taratibu.

Na kwa desturi yao, baada ya siku saba mayai humulikwa kwa tochi, yai moja moja, kuona kama mishipa ya damu imeanza kutambaa ndani. Safari hii mwenyekiti alikataza. Alisema kumulika ndiko kunakoanzisha maneno, mayai mabovu ni ya nani na mazuri ni ya nani. Wakasema amesema vyema. Hakuna aliyemulika.

Wiki tatu zikatimia. Akina mama walikuja na vikapu vilivyotandikwa matambara, wamevaa khanga za sare. Waliinamisha masikio kwenye kioo wasikie ile sauti ya kugonga kutoka ndani. Wakangoja mpaka mchana. Wakangoja siku ya pili. Siku ya tatu yule bibi aliyesifu sabini akachukua yai moja, akalipasua kwenye sahani. Lilikuwa yai tu, limechakaa. Akapasua la pili, nalo yai tu, tena linanuka. Wakapasua wote, kila mmoja la kwake, na mwenyekiti akapasua ya yule tetea mwekundu, moja baada ya jingine, mpaka likaisha la mwisho.

Halafu, kama mnavyotegemea, wakaanza.

"Tungeweka mia yasingekufa!"

"Mia gani? Yangekuwa mayai ya kuchemsha! Tungeweka thelathini na saba na nusu!"

Mwenyekiti aliinuka, akaleta beseni la maji, na birika lililokuwa motoni. Akakiomba kipimajoto cha mtaa wa chini. Akavichovya vyote viwili ndani ya beseni moja, kwa mara ya kwanza tangu vije mlimani. Akamimina maji ya moto kidogo kidogo, anakoroga kwa mkono, macho yake kwenye kile cha zamani, mpaka kikapanda kikafika mia. Akamwambia wifi wa mtaa wa chini, "Soma chako."

Yule mama akainama. Akafuta kioo kwa khanga, akainama tena.

"Soma kwa sauti, wenzako wasikie."

"Thelathini na saba na nusu," akasema. "Na ushei kidogo."

Ndugu zangu, mmeelewa? Ilikuwa kama watu wawili wanaogombana umbali wa kwenda mjini, mmoja anahesabu kwa maili, mwenzake kwa kilomita, na barabara ni ileile. Miaka yote ile walikuwa wanasema jambo moja. Walipogombana, wote walikuwa sahihi na vifaranga wakatoka. Walipopatana, wakatafuta katikati ya kweli na kweli, wakapata uongo.

Wifi wa mtaa wa juu akakaa chini kwenye vumbi. Akasema, "Basi hatukujua. Mungu atusamehe, hatukujua."

Ingeishia hapo ningewaambia twendeni tukajifunze hesabu, tukafunga ibada. Haikuishia hapo. Mama mmoja kijana, aliyesimama nyuma kabisa, akasema kwa sauti ya chini, "Mimi niliyashika. Kwenye zamu yangu. Yalikuwa ya baridi."

Wote wakamgeukia.

"Mbona hukusema?"

"Niliogopa kuharibu amani."

Kisha mwingine akasema, "Hata mimi niliyashika." Na mwingine. Na yule bibi. Na wifi wa mtaa wa chini, na wifi wa mtaa wa juu pale alipokaa vumbini. Hapakuwa na mwanamke pale ambaye hakuingiza mkono, na hapakuwa na aliyeupandisha utambi. Mwisho wakamtazama mwenyekiti wao, ambaye mkono wake ulikuwa bado ndani ya beseni, kwenye lile joto ambalo mayai yaliliomba wiki tatu.

Akasema, "Mimi nilikuwa wa kwanza."

Basi. Mfano umeisha. Sasa ni sisi.

Sitaki tumhukumu yule mama. Mimi namwonea huruma mpaka moyo unaniuma, kwa sababu najua alivyochoka. Uchovu si dhambi. Lakini mtu aliyechoka hawezi tena kupambanua kati ya amani na kimya. Akipewa kimya anashukuru kama amepewa amani, na anakilinda kwa gharama yoyote, hata kwa gharama ya kile alichokuwa anakilea. Yai halikukaa kwenye kikao. Yai halikupiga makofi. Joto la uhai halikuwekwa na mtaa wa juu wala mtaa wa chini, liliwekwa na Yeye aliyemfundisha kuku kuatamia, na hakuna kura itakayolishusha.

Na sisi tumepatana mambo mangapi ya namna hiyo? Ndoa ngapi humu zimetulia kwa sababu mume na mke wamekubaliana kutozungumza? Tunasema, "Siku hizi hatugombani." Nani amegusa ndani? Kwaya mbili zimeacha kulaumiana, tunamshukuru Mungu, lakini kati yao nani bado anaomba? Mtoto wa nyumba ya fulani anapotea mbele ya macho yetu, wazazi tunawapenda, majirani tunawaheshimu, basi kila mtu anapita, anafungua, anashika, anafunga mlango taratibu. Nasi wazee wa baraza, na mimi mchungaji wenu nikiwemo, Ijumaa tumeandika kwamba mambo yote ya usharika huu ni shwari. Tulipiga makofi. Mnikumbushe, kuna aliyemulika tochi?

Hatuhitaji mapatano mengine. Tumepatana vya kutosha mwaka huu, mpaka tumepoa. Na sitaki leo mtu asimame aseme nani mwenye kosa, la mtaa gani, la tangu lini, hayo tunayaweza sana. Nataka kitu kidogo kuliko hicho na kigumu kuliko hicho. Wengi wenu mmeketi hapo mnajua jambo moja ambalo mkono wenu umeligusa, na mmelinyamazia kwa sababu mnanipenda, au mnaniogopa, au mmechoka.

Wale mama walisema wote, tena walisema kweli tupu, mbele ya sahani zinazonuka. Sisi mayai yetu bado yako kwenye trei. Sitaimbisha wimbo sasa. Nitakaa chini hapa, nami nitanyamaza, na yeyote kati yenu aliyesikia baridi asimame aseme. Sijali ni nani. Aanze mmoja.